Taa ya Manjano na Safari ya Chwele

Jumatatu, 9 Desemba 2024

Msiba! Dashibodi ya pikapu yetu ya milango minne imewasha taa mbili: nyekundu ya breki na ya manjano yenye herufi ABS. Jumamosi tunaenda Chwele kumposea kaka yangu Kimotho, kwa kina Nabwile, mchumba wake. Baba amesema haendi kwa wakwe na gari linalolalamika. Ataazima gari dogo la jirani. Humo kimebaki kiti kimoja tu cha msichana, na Mama amempa binamu yangu Wacuka, ati anajua kumimina chai bila kumwaga.

Nilimwaga mara moja tu! Na pasta alipona.

Wacuka ameniambia nisijali, ataniletea picha. Asante sana.

Mwalimu wetu wa Fizikia hutuambia kwanza tujiulize ni nini kimebadilika. Nimejiuliza. Hakuna kilichobadilika hapa nyumbani, ila tu juzi Baba alinunua mbuzi wa wakwe kwenye soko la mji wa Kwanza, nikakabidhiwa mimi. Nimemfunga kwenye gurudumu la nyuma la pikapu. Kuna kivuli kizuri na hasumbui mtu.

Jumanne, 10 Desemba

Nimebandika tepu nyeusi juu ya taa zote mbili. Kazi safi.

Sikujua kwamba ufunguo ukigeuzwa, taa zote huwaka kwanza, kisha huzimika zenyewe kama gari ni zima. Baba anajua. Alingoja ziwake. Hazikuwaka. Alishtuka, akamwita Mama, akasema gari limezidiwa, sasa halina hata nguvu ya kulia. Mama akaanza kuliombea. Wacuka akanyoosha kidole kimoja na kubandua tepu.

Leo nalala bila maziwa.

Jumatano, 11 Desemba

Fundi Eliakim amekuja kutoka Kamukuywa. Anajisifu sana. Alisema gari lolote likimsikia akikohoa hujirekebisha. Alifungua magurudumu ya mbele akatuonyesha pedi za breki zilizolika hadi chuma. Pedi zikilika, mafuta ya breki hushuka kwenye kikopo chake, ndipo taa nyekundu huwaka. Akaweka pedi mpya, akajaza mafuta. Nyekundu ikazimika!

Ya manjano ikabaki, inaniangalia.

Eliakim alimwambia Baba asihofu: "Mzee, bleki inashika kabisa. Hiyo ABS ni ya kuzuia gari lisiteleze ukikanyaga ghafla." Baba akauliza, je, Mzee Nakhungu, babake Nabwile, akikaa mbele na kuiona, amweleze nini? Kwamba mtoto wake anaolewa katika nyumba ya watu wanaozoea taa? Eliakim akasema basi atarudi keshokutwa na mashine ya kupima. Kesho ni sikukuu ya Jamhuri, na yeye ni mzalendo.

Alhamisi, 12 Desemba

Taifa liko huru. Mimi sina kiti.

Niliwahi kusikia kwamba ukitoa waya wa betri, gari husahau shida zake. Nikatoa. Nikarudisha. Taa ya manjano ikazimika! Niliruka, nikawaita wote, hata Wacuka, hasa Wacuka. Nikamfungua mbuzi, Baba akaendesha kuelekea langoni. Hakufika. Taa ilirudi.

Kitu pekee ambacho gari limesahau ni stesheni za Mama za redio. Mama hasemi nami. Wacuka anafanya mazoezi ya kumimina chai kwa maji baridi, mbele ya dirisha langu.

Mbuzi naye, nilipomfunga tena, amejizungusha kwenye gurudumu mpaka kamba imeisha, kama alivyofanya siku ya kwanza. Nimemvuta kwa nguvu zote. Mnyama mkaidi! Sina wakati naye, nina utafiti.

Ijumaa, 13 Desemba

Mashine ya Eliakim ilisema: gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Eliakim akajilaza chini ya gari. Kisha tukaona miguu yake ikitikisika kwa kicheko. Alitoka na kipande cha kamba ya mkonge, kimejisokota na waya mwembamba uliong'oka, ule unaoiambia ABS gurudumu linazunguka vipi.

"Nani alifunga mbuzi hapa, bana? Si angemfunga tu kwa usukani!"

Wote waliniangalia. Nikaeleza kuhusu kivuli. Kimotho aliketi juu ya ndoo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Eliakim aliunganisha waya. Baba aliendesha hadi Kitale mjini na kurudi. Taa haikuwaka! Tunaenda na pikapu. Ndani watakaa Baba, Mama, shangazi, Kimotho na Wacuka. Nyuma atakaa mbuzi, na Baba amesema lazima ashikwe na mtu aliyezoea kumfunga vibaya. Wacuka alicheka mpaka akashika ukuta.

Haelewi. NINAENDA!

Jumamosi, 14 Desemba. Chwele

Nimefika. Mbuzi amekula mkanda wa gauni langu tangu Kamukuywa hadi Kimilili. Nabwile alinipokea, akanipangusa vumbi usoni kwa leso yake, akaniita "mdogo wangu". Mimi! Wacuka alimimina chai bila kumwaga hata tone, lakini hakuna aliyemtazama, kwa sababu Baba alikuwa akisimulia habari za kamba. Mzee Nakhungu alicheka hadi akavua kofia. Kisha akamwambia Kimotho kwamba amekubaliwa, maana nyumba yenye vituko namna hii haiwezi kumchosha binti yake.

Baadaye Mzee akasema gari lake pia lina taa, ya injini, tangu Pasaka. Baba alinikazia macho. Sijui kwa nini. Nilimwambia Mzee asiwe na wasiwasi, sasa sisi ni familia.

Wao wanakula. Mimi nimefungua boneti. Kuna waya mmoja mwekundu ambao, kwa maoni yangu, hauna kazi yoyote.