Nyota Tano kwa Papa Sévère

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Honorine amesema. Na mke wangu akisema, amesema. Wateja wasipokuja hadi Jumamosi, anabeba mashini yake, anavuka barabara, anaenda kushona kwa Sidonie. Kwa Sidonie! Yule fundi mwenye kibao kikubwa kuliko mlango! Nimemwambia atulie, nina mpango. Akauliza kama ni mpango kama ule wa kuita wateja barabarani kwa megafoni. Nikachukua simu.

Siku hizi watu hawaulizi njiani, wanauliza Google. Nimeandika pale: fundi wa kushona Uvira. Wa kwanza, Sidonie. Nikateremka. Saluni. Nikateremka tena. Duka la simenti! Minye, Sévère, sipo! Mtaa wetu wa Kalundu wote unanijua, na sipo!

Jumanne, tarehe 4

Nimejiandikisha kwenye Google. Atelier Sévère Haute Couture. Picha: gauni la kijani aliloshona Honorine. Nimeandika kwamba nashona mwenyewe. Karibu ni kweli. Vifungo nilichagua mimi.

Sasa naonekana, lakini chini ya simenti. Nimetazama asubuhi nzima mpaka mega za intaneti zikaisha. Eti ukitaka kupanda, wateja waandike maoni, wakupe nyota. Sidonie anayo mengi. Walioandika ni dada zake tu, bila shaka.

Halafu habari! Kuna harusi Luvungi. Bibi harusi anaitwa Noella, na familia nzima itavaa kikwembe kimoja, kitenge cha aina moja, kuanzia bibi hadi watoto wa mgongoni. Shangazi yake, Tantine Bénédicte, anatafuta fundi kwenye Google, kwa simu. Kwa simu! Kazi hiyo moja tu, na Honorine habebi mashini. Sijala.

Jumatano, tarehe 5

Mazoezi ya kwaya. Nimesimama mbele ya wandugu, nimewaomba kila mmoja aandike kwenye Google juu ya nguo niliyomshonea. Nikawaambia wasimulie kwa moyo wote, vile wanatoa ushuhuda kanisani. Mama Agnès, kiongozi wetu, akasema amina. Wote wakasema amina. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Alhamisi, tarehe 6

Yesu wangu! Nilisahau ushuhuda wa kwetu ulivyo! Hakuna anayesimama kusema ameponywa bila kwanza kueleza ugonjwa. Tena kwa kirefu!

Mama Agnès ameandika: “Ndugu Sévère alinishonea blauzi. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nililia. Lakini mama Honorine aliifumua, akaishona upya, na Jumapili niliimba. Mungu ni mwema. Nyota tano.”

Jean-Berchmans, wa sauti ya chini: “Suruali ilipasuka nikishuka kwenye boti, mbele ya wakwe zangu. Nilipita katika bonde la aibu. Mama Honorine alinitoa. Nyota tano.”

Félicien: “Koti la mazishi lilifika baada ya mazishi. Haleluya. Nyota tano.”

Nimekimbia kwa Mama Agnès kumwomba afute. Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. Akasema ushuhuda haufutwi, na weye Sévère, anayekutuma ni shetani.

Ijumaa, tarehe 7

Nimepanda! Wa kwanza! Juu ya Sidonie, juu ya simenti! Watu wanasoma, wanatumiana. Motari mmoja amenipita na pikipiki yake akipiga kelele: bonde la aibu! Nimempungia mkono. Mteja ni mteja.

Lakini Honorine naye amesoma. Yote, polepole, mpaka mwisho. Kisha akaenda kupiga pasi. Bora angenigombeza.

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja! Tantine Bénédicte na Noella mwenyewe, kwa pikipiki toka Luvungi, vumbi mpaka kwenye kope. Nimewapa viti. Nimewapa Fanta. Nimeanza kueleza mitindo ya Paris. Tantine akanikatiza kwa heshima: papa, tumesoma kila kitu, tumecheka, tumelia, sasa tuitie huyo mama Honorine.

Honorine akatoka nyuma na utepe shingoni. Akampima Noella, akauliza familia ni watu wangapi. Wengi! Akasema peke yake hatawaweza, anahitaji mikono ya mafundi. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwa Sidonie na mafundi wake.

Nikamkumbusha ahadi. Wateja wamekuja, na leo ndiyo Jumamosi! Akajibu taratibu: ndiyo, baba Josée, wamekuja, lakini wamekuja kwangu. Kisha akabeba mashini. Bibi harusi akashika upande wa pili. Sidonie alikuwa amekwisha kufungua mlango.

Jumatatu, tarehe 10

Nyumbani Honorine anapika kama kawaida, ananisalimia vizuri. Mchana yuko kule. Nasikia mashini yake kutoka hapa. Nimebaki na pasi na viti. Inauma, siwezi kukataa.

Nimewaza sana, na kosa nimeliona: nilitegemea watu wengine! Wanaosomwa ni wenye majaribu makubwa. Na nani ana jaribu kubwa kuliko minye? Nimechukua simu ya binti yangu Josée, nimeandika: “Mke wa fundi huyu alimhama na mashini, mchana, watu wakiona. Lakini Mungu ni mwema. Nyota tano.”

Muda kidogo tu, kicheko kikubwa ng'ambo ya barabara. Ni Honorine, nakijua kicheko chake. Wamesoma tayari! Google inafanya kazi!