Sikio la Kushoto la Mume Wangu

Kapata, Kolwezi, tarehe 9 Juni 1953

Bwana Daktari Mheshimiwa, Mkuu wa Tume ya Kupima Askari wa Zamani,

Nakuandikia nikiwa mke mpya kabisa. Maua ya harusi bado yako mezani, na furaha imenijaa hata kalamu inateleza. Mume wangu, Ngoy Stanislas, ndiye mwanamume mzuri kuliko wote wa Kapata, hasa akitazamwa upande wa kulia. Upande wa kushoto hasikii, kwa sababu ya bomu la Wataliani pale Saio, huko Abisinia. Mguu wake wa kushoto nao ulirudi na kipande cha chuma. Tume ikikubali kwamba chanzo ni vita, kampuni itamtoa kwenye kazi ya baruti katika mgodi wa Mutoshi. Isipokubali, Jumatatu anarudi kulipua mawe, na sikio la pili litalifuata la kwanza.

Tume imekataa. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Mnataka shahidi aliyesimama karibu naye bomu lilipoanguka. Yuko, Koplo Kyungu. Bomu lilimpata yeye kwanza. Nimwandikie kwa anwani gani?

2. Muuguzi wako aliangusha sahani ya chuma nyuma yake. Mume wangu alipohisi sakafu inatetemeka, akajitupa chini ya meza, mikono kichwani. Mkaandika: "Anasikia vizuri sana." Bila shaka kujitupa kule alifundishwa kwenye kwaya ya parokia.

3. Mnasema karatasi ya jeshi inaonyesha alitoka mzima, na ugonjwa umeletwa kwenu baada ya harusi. Basi chanzo ni ndoa. Nimeipokea sifa hiyo kwa machozi. Sikujua mapenzi yangu yana mizinga.

4. Kwa kuwa vita ni mimi, naomba medali yake nipewe mimi. Wataliani nao waarifiwe kwamba pale Saio walisalimu amri kwa Laurentine, ambaye siku hiyo alikuwa kwa masista, akijifunza kushona vifungo.

Usipoona haya kuwaandikia Wataliani hivyo, basi acha uamuzi wako kama ulivyo. Ukiona haya, tafadhali mpime tena kabla ya Jumatatu.

Msalimie Madame, watoto, na yule muuguzi wa sahani. Nakuaga kwa moyo uliojaa mapenzi, ingawa yote ni ya mtu mwingine.

Laurentine Tshibola, mke wa Ngoy

N.B. Ukimtuma mtu kumchunguza nyumbani, naomba asije Jumapili. Siku hiyo mama yangu hunitembelea, na kwa desturi yetu mume hathubutu kukutana uso kwa uso na mama wa mke wake. Juzi mama alikohoa kidogo tu kule njiani, upande wa kushoto. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amekwisha kuruka ua wa jirani, na ule mguu wenye chuma ndio uliotangulia.