Malalamiko ya Mpwa Aliyenyang'anywa Funguo kwa Sababu ya Filta ya Oili

At-Bashy, mtaa wa chini,
Jumanne, baada ya chai.

Kwa Mheshimiwa Mjomba Sadyrkul,
mwenye gari, mwenye funguo na, kwa sasa, mwenye hasira.

YAH: FILTA YA SOKONI KUONEWA, NA MIMI PAMOJA NAYO

Mjomba wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa dada yako, ambako sote ni wazima, ng'ombe amezaa, na mimi natembea kwa miguu.

Nakuletea maandishi kwa kuwa kwa mdomo ulikataa kunisikiliza. Jumapili nilipoanza kujieleza ulisema, "Emilbek, funga boneti, kisha ufunge na mdomo." Boneti niliifunga. Kuhusu hilo la pili, mimi ni mtu wa darasa la tisa, tena nimelisoma mara mbili, kwa hiyo nalijua kuliko wale waliolipita mbio. Mtu wa elimu hiyo hawezi kunyamaza.

Jambo lenyewe nalieleza upya, ili likifika kwa wazee lisipindishwe. Gari ni lako. Anayepakia abiria kwenda Naryn na kurudi ni mimi, tangu theluji ilipoyeyuka. Uliniagiza nimwage oili nitie mpya, na filta ninunue ya kiwandani, ile ya boksi jeupe lenye muhuri, kwenye duka la kampuni kule Naryn. Mimi nikanunua ya sokoni, kwenye kontena la Dada Mairam. Wiki tatu baadaye umegundua, umenipokonya funguo, na umempa mwanao Zamir. Na Jumamosi hii ndiyo tunakwenda Kochkor kumchukua bibi harusi wa kaka yangu Kubanych, na Kubanych aliniomba mimi, si mtu mwingine, niendeshe gari la bibi harusi. Nimeshawaambia watu, Mjomba. Nimewaambia wengi. Hata kinyozi anajua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filta ilihukumiwa bila kusikilizwa. Uliifungua, ukaibana mezani, ukaikata kwa msumeno wa chuma mbele ya watu, tena Jumapili, siku ya soko la mifugo, wakati wilaya nzima inapita mlangoni kwako na kondoo wao. Ukaikunjua karatasi ya ndani, ukahesabu mikunjo kwa sauti. "Arobaini na miwili," ukasema. "Ya kiwandani ina sitini. Huyu mtoto amenidhulumu mikunjo kumi na minane." Mzee mmoja aliyekuja kuuza fahali akavua kofia kama aliyefika msibani. Zamir akadakia, "Na hivi vifuniko vya pembeni ni karatasi ya boksi la viatu." Mjomba, mimi navaa suruali isiyo na mkunjo hata mmoja, na inanisitiri.

2. Umeisema vibaya injini kwamba inagonga asubuhi. Ni kweli inagonga, sekunde tano, labda nane kukiwa na baridi. Unadai filta ya sokoni mpira wake wa ndani ni dhaifu, haushiki oili usiku, kwa hiyo oili yote inateremka chini na injini inaamka kavu. Hiyo ni namna moja ya kuliangalia jambo. Namna yangu ni kwamba injini inaamkia watu. Yenye filta ya kiwandani huamka kimya kama mkwe aliyenuna.

3. Taa ya oili. Naam, iliwaka mlimani Kyzyl-Bel, nikiwa na abiria wanne na kondoo mmoja. Iliwaka mara moja tu. Yule mama wa mbele akauliza, "Mwanangu, hiyo taa nyekundu ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kuonyesha kwamba oili ipo. Akaridhika, na sioni kwa nini wewe mwanaume usiridhike na jibu lililomtosha mama wa watu. Zaidi ya hapo, filta ile Bibi aliifukiza moshi wa mti wa mreteni, wa kufukuza mabaya, kabla sijaifunga, akaizungusha juu ya kichwa changu mara tatu. Ya kwako ya boksi jeupe, ambayo bado hujaifunga, hukuruhusu hata muhuri uguswe. Sasa kati ya filta yenye mikunjo sitini na filta yenye dua ya Bibi, sema wewe mwenyewe ni ipi uliyoinunua kwa kiburi.

4. Tuliangalie gari lenyewe, bila kuoneana haya. Lilizaliwa Japani na usukani upo upande usiofaa. Boneti ni ya gari lingine, nayo ni ya kijani. Mlango wa nyuma tuliupata Bishkek. Kioo cha mbele ni cha Mchina. Bampa ni waya. Kumpigania mgonjwa huyu apate filta ya kiwandani ni kumvisha mtu koti la viraka, halafu kumgombeza mbele ya mtaa mzima kwa ajili ya soksi zake.

5. Tukiendelea na njia hiyo hiyo, tutafika kwako. Yale meno yako mawili ya dhahabu, Mjomba, si ya kiwandani. Uliyaweka Naryn, kwa yule fundi wa ghorofani, na unatafuna nyama ya farasi kuliko vijana. Goti lako la kushoto lina chuma. Miwani uliikuta sokoni, na ndiyo uliyoivaa siku ile ukihesabu mikunjo ya filta, mwenzake wa sokoni. Ikiwa kisichotoka kiwandani ni cha kutupwa, basi Jumamosi uje harusini bila meno, bila goti na bila kuona, nasi tutakupokea kwa heshima zote.

6. Zamir. Ni binamu yangu na nampenda, lakini huyu ndiye aliyeingiza gari kwenye mfereji wa umwagiliaji akiwa anarudi nyuma, mchana, uwanja ukiwa mtupu. Nilipomuuliza ilikuwaje, akasema, "Mfereji haukuwepo jana." Mtu huyu ndiye utakayemkabidhi bibi harusi apite naye mlima Dolon. Filta atakayofungiwa ni ya kiwandani, nakubali. Dereva ndiye wa sokoni.

7. Hili ni la mwisho na ndilo zito. Kwa mila zetu, mpwa akiingia kwa wajomba zake ana ruhusa ya kuchukua anachokipenda, na mjomba hana ruhusa ya kununa. Mara tatu. Nikiwa na miaka saba nilichagua mwanakondoo, ukanipa. Nilipomaliza shule (sawa, nilipoiacha) nilichagua tandiko la farasi, ukanipa huku umeng'ata mdomo. Imebaki mara moja. Naitumia leo, kwa maandishi: nachukua funguo. Na kwa kuwa funguo bila gari ni chuma cha mfukoni, nachukua na gari. Gari haliendi bila oili, kwa hiyo dumu lile ulilolificha chini ya kitanda linaingia humo humo. Na kwa kuwa gari hilo halijawahi kuwaka pasipo wewe kulitukana kwanza, itanibidi nikuchukue na wewe. Mama Zamir namwacha, nisionekane nina tamaa.

Kwa hoja hizi saba, ambazo mwanasheria wa mjini angekutoza kwa kila moja, naomba funguo zifike kwangu kabla ya Ijumaa mchana, Zamir apewe kazi ya kubeba mazulia, na filta ya sokoni isafishiwe jina lake pale pale mezani ilipokatwa.

Nisalimie Mama Zamir, umwambie mkate wake wa Jumapili ulikuwa mtamu hata katikati ya ugomvi. Nisalimie Zamir na mfereji wake. Nisalimie jirani zako wote waliokuja kutazama, hasa yule mwenye fahali, kama fahali ameuzika. Kubanych anakusalimu. Bibi anakusalimu, na anauliza kama goti lako linauma.

Ni mimi, mpwa wako mwenye haki na asiye na usafiri,

Emilbek

Tanbihi: Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Mama akaja kuniambia mpango umebadilika. Nikiendesha mimi, wakati wa kwenda yeye atakaa mbele na Bibi atakaa nyuma, kwa sababu wanasema na mimi hawaogopi. Kurudi, bibi harusi atakaa katikati yao. Wote hao, juu ya Dolon, na kule theluji imeanza. Tangu anitamkie hivyo sijaweza kunywa chai. Mjomba, ukituma funguo, tuma na ile filta yako ya boksi jeupe, muhuri usiguswe. Au tuseme usitume kitu. Njoo Ijumaa na spana zako, uifunge wewe mwenyewe, nami nitalala chini ya gari nitazame namna unavyoikaza. Dada Mairam akiuliza, mwambie umekuja kunigombeza tu.