Kuhusu Kiraka Changu Kilichofumuliwa Hadharani Pale Chaka

Gatitu, Nyeri
Jumatatu asubuhi

Kwa Bi. Warigia,
Mwenyekiti, Chama cha Waendesha Pikipiki.

Mheshimiwa Mwenyekiti, unayetutangulia barabarani na kutungoja kila kilima,

Pokea salamu za mwanachama wako wa miezi minne, Koplo Seth Kasyoki. Mimi ni mzima, isipokuwa heshima yangu, ambayo niliiacha Chaka Jumamosi saa saba mchana, mbele ya watu waliokuwa wakila nyama.

Kwa faida ya wanakamati ambao hawakuwepo, nieleze kisa. Tulisimama Chaka kula tukielekea Nanyuki. Nilipovua koti la mvua, kizibao changu cha ngozi kilionekana mgongoni: nembo ya chama, ile ya mlima, na chini yake utepe ulioandikwa NYERI. Uliweka mfupa chini ukaniuliza, "Afande, hiyo kiraka ulipewa na nani?" Nikajibu kwamba nilijipa. Ukamwomba mwenye hoteli wembe. Monicah, mwuguzi wetu, akanishika mabega nisikatwe, nawe ukafumua uzi mmoja mmoja, kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. Mama mmoja mwenye sahani ya mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, akasema, "Ati leo ni polisi wanavuliwa!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mwenyekiti, lakini nilichelewa kidogo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria yetu inasema mgeni hukaa mwaka mzima mgongo ukiwa mtupu, kisha wenzake humpigia kura. Nina miaka arobaini na saba na goti moja bovu. Mwaka wa kijana ni mwaka tu. Wangu ni sehemu kubwa ya uendeshaji niliobakisha. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema pete ipitie kwa kamati.

2. Monicah alipewa kiraka baada ya miezi tisa tu, kwa sababu alimfunga bandeji mwenzetu aliyeanguka Naro Moru. Sina wivu. Nauliza tu, mimi nitamfunga nani ikiwa hamwanguki? Safari zote nimekaa nyuma ya msafara, bandeji mfukoni, nikisubiri kwa moyo mweupe mtu ateleze.

3. Kiraka cha Timau hupewa aliyefika huko kwa pikipiki yake. Mnaninyima kwa kuwa yangu ilizimika tulipoipita Nanyuki, ikapandishwa kwenye pikapu ya vitunguu. Nilisafiri nimeikalia humo humo, kofia kichwani, mikono kwenye usukani, na kila penye kona niliinama. Magurudumu yote mawili yalifika Timau. Sheria haisemi yawe yanazunguka.

4. Fowsia, fundi wa Nanyuki anayeshona vizibao vyetu, alikataa kunihudumia bila barua yako. Nilimwonyesha kitambulisho cha kazi. Akasema, "Hii ni ya kushika watu, afande. Ya kushona inatoka kwa Warigia." Ndipo nikaenda kwa mtu anayetarizi sare za shule, na ndiyo sababu mlima wangu ulitokea na vilele vinne badala ya vitatu. Kiraka chenyewe nilikishona kizibaoni mwenyewe, sebuleni, kwa sindano ya magunia. Mke wangu, Mwende, aliniona nikitia kiraka kwenye nguo mpya akaanza kuniuliza maswali ya polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Kwao Mwingi, alisema, kiraka huenda palipo na tundu.

5. Utepe wa NYERI. Hapa sitanii. Nimeishi Gatitu miaka kumi na mmoja. Nimebeba majeneza ya majirani. Watoto wangu wanaongea Kikuyu zaidi kuliko Kikamba. Hata hivyo naitwa "yule mgeni wa Wacera", kwa kuwa nimepanga kwa Wacera, na kila nikisimama mkutanoni kuna mtu wa kuniuliza nitarudi kwetu lini. Siku tatu nilizovaa utepe ule, hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa naenda kununua maziwa kwa njia ndefu, nikiwapa watu mgongo.

Kwa hayo yote, naomba mwaka wangu wa kungoja uhesabiwe tangu nilipohamishiwa Nyeri. Nakumbusha kwa unyenyekevu kwamba chama kilianzishwa miaka mitatu baada ya mimi kufika. Tukihesabu hivyo, nimewatangulia nyote, na huenda pale Chaka mimi ndiye niliyepaswa kushika wembe. Lakini nimesamehe. Nitaridhika na kiraka, utepe, Timau, na maneno machache ya kuniomba radhi, yasomwe mahali pale pale, saa ya nyama.

Nisalimie kamati, msalimie Monicah na mikono yake mizuri, na yule mama wa mutura ukimwona. Mwende anawasalimu, anasema mlifanya vyema, lakini hilo si rasmi.

Ni mimi, mwenye mgongo mtupu,

Koplo Seth Kasyoki

Tanbihi: Alhamisi sitaweza kuja mkutanoni kuyaeleza haya ana kwa ana. Nina ushahidi wa kutoa mahakamani dhidi ya mtu niliyemkamata mwenyewe sokoni akiwa amevaa shati letu la kazi lenye tepe tatu za sajini. Hakumdhuru yeyote. Alikuwa akiongoza magari, na kusema kweli aliyaongoza vizuri. Alijitetea kwamba ameishi karibu na kituo miaka mingi hadi akajiona mmoja wetu. Nilimvua shati palepale, watu wakitazama. Katika taarifa yangu nimeandika kwamba alama ya cheo haivaliwi kwa mapenzi, na nikapendekeza adhabu kali. Nasikia wakili wake ni Wamae, katibu wetu, kwa hiyo nakuomba asiione barua hii hata kidogo. Nimekumbuka sasa hivi kwamba barua zote za chama hufunguliwa na yeye. Ndugu Wamae, kama ni wewe, tafadhali ishia kwenye sahihi.