Kamera ya Harusi na Mechi ya Gemu

Maduhu na wenzako wote wa pale Mwanza, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Sitanii. Karibu nusu ya mtaa wetu wa Nyasubi wameniona kifua wazi ndani ya khanga ya mke wangu, na mama mkwe alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki. Barua hii naiwahisha kwa kondakta wa basi la kesho, maana habari itafika huko hata nisipoituma. Afadhali muipate kwangu kwanza.

Tangu banda la video nililokuwa nafanyia kazi lifungwe sina kazi. Kabula, mke wangu, anauza vitenge sokoni na ndiye anayenilisha (hapo msome haraka, msirudie). Sasa Jumatatu Bwana Hasmukh akaniita. Huyu ndiye Mhindi mwenye duka la redio na televisheni karibu na soko. Ameleta gemu za televisheni, zile unachomeka kaseti, unashika pedi yenye vitufe, unacheza mpira umekaa kwenye mkeka. Anataka kuwauzia wachimbaji wa dhahabu wanaoshuka kutoka machimbo ya Rwamgasa wakiwa wamefanikiwa. Nyuma ya duka atafungua chumba cha watu kuja kucheza, na chumba kinahitaji msimamizi.

"Doto," akaniambia, "mimi nataka mkanda. Jumamosi naweka televisheni barazani, watu waone mpira unachezwa. Mimi sijui kucheza. Wewe unajua. Cheza, rekodi, lete. Mkanda ukivuta watu, chumba utasimamia wewe."

"Kwa nini nisije nikacheza hapa hapa barazani, Bwana Hasmukh?"

"Ukicheza hapa kutwa nzima utataka chai."

Basi. Akaniazima gemu moja na kaseti ya mpira, nikatoka pale natembea kama mchimbaji ambaye duara lake, shimo lake la mgodi, limetema dhahabu. Kazi. Kazi ya kukaa kivulini, kazi yenye feni. Kabula aliposikia akasema, "Hii usiiharibu." Nikamwambia naiharibuje na mimi ndiye ninayeujua mpira wa gemu kuliko mtu yeyote hapa Kahama.

Tatizo likawa kifaa cha kurekodia. Nyie mnajua deki za video za huku. Zote zinacheza tu, hazirekodi. Ukiona kitufe chekundu kwenye deki ya mtu, ujue kimebandikwa kwa ajili ya urembo. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikichungulia deki za watu hadi mbwa wakanizoea. Deki inayorekodi niliipata moja, tena mpya kabisa, ndani ya kabati la kioo la Bwana Hasmukh mwenyewe.

"Niazime hii kwa saa moja tu," nikamwomba. "Mkanda ni wako, deki ni yako."

"Nikifungua boksi si mpya tena."

"Nitalifunga vizuri."

"Boksi linajua," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Deki ya pili iko Mwadui kwa shemeji yangu, kaka yake Kabula. Ile inarekodi kweli, nimeiona. Na bahati ilivyokuwa upande wangu, mama mkwe alikuwa anatoka Mwadui kuja kututembelea wiki hii hii. Kabula akampigia simu kutoka posta, akamwomba aje nayo. Mama akajibu kwamba deki ya mwanawe haipandi basi. Alhamisi akashuka stendi na kuku wawili, karanga debe zima na khanga mpya ya Kabula. Kuku wanapanda basi. Deki haipandi. (Mtu hamsemi mama mkwe. Nililiweka moyoni, na huko ndiko lilikoharibikia.)

Leo asubuhi, siku yenyewe ndiyo hii, nikaenda kwa Shabani anayepiga video za harusi. Shabani ana kamera ile kubwa ya begani inayomeza mkanda mzima wa video, ukiutoa unauingiza moja kwa moja kwenye deki. Nikamweleza. Akacheka kwanza, halafu akasema inawezekana: weka kamera kwenye miguu yake mitatu, ielekeze kwenye televisheni, funga madirisha na mlango ili mwanga usipige kioo, cheza. Mistari itapanda na kushuka kwenye picha lakini watu wataona mpira.

"Na maiki?" akaniuliza. "Maiki inakodishwa peke yake."

Mnaijua maiki ya Shabani. Ile yenye waya mrefu anayoishikilia mbele ya mdomo wa mshenga, na mtu akiukanyaga waya, Shabani anapiga kelele kuliko bibi harusi. Harusi zote nilizohudhuria hakuna aliyerekodiwa sauti bila kuletewa maiki ile mdomoni. Nikafikiri haraka kama mfanyabiashara. Sauti ya gemu ni pi-pi-pi tu. Ya nini? Picha inatosha.

"Maiki baki nayo," nikamwambia. "Mimi nataka mkanda bubu."

Shabani akafungua mdomo kutaka kusema kitu. Wakati huo huo akaitwa na watu wa harusi aliyokuwa amechelewa, akaniachia ile kamera kubwa, akakimbia na nyingine ndogo. Huo mdomo wake ungebaki wazi kidogo zaidi, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Kabula na mama walikuwa sokoni. Nikafunga madirisha, nikafunga mlango, nikaziba nafasi ya chini kwa gunia. Nikasimamisha kamera nyuma yangu, nikakaa kwenye mkeka. Mechi ya kwanza haijafika nusu, chumba kikawa tanuri. Jasho linaingia machoni, pedi inateleza. Nikavua shati. Halafu nikavua suruali. Nikachukua khanga iliyokuwa karibu nikajifunga kiunoni, nikaendelea. Nani ananiona?

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu hii kaseti. Imetoka Japani moja kwa moja. Maandishi yote ni ya kwao, majina ya wachezaji yanafanana na vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Mimi siwezi kucheza na watu nisiowajua majina. Toka enzi za banda nina mtindo wangu wa kutangaza mechi kwa sauti, kama redioni, na wapinzani nawapa majina mwenyewe. Bila kutangaza sifungi. Ndivyo nilivyo.

Na leo niliwapa majina vizuri sana.

Nikaifunga Japani, au sijui ni nani wale, mabao sita. Bao la mwisho lilikuwa tamu mpaka nikainuka, nikaenda kuibusu televisheni. Papo hapo umeme ukakatika. Sikujali, kamera ina betri. Nikarudisha mkanda nyuma kidogo, nikachungulia kwenye kile kitundu cha kamera cha kutazamia. Picha ndogo kama stempu, mpira unaonekana, mabao yanaonekana. Kitundu hakina spika, kwa hiyo kimya kabisa. Nikaoga, nikavaa shati la harusini, nikaenda dukani nikiwa na mkanda kwapani.

Bwana Hasmukh ana jenereta. Barazani alikuwa ameshaweka televisheni kubwa kuliko zote, na ile deki ya kabatini? Hapana. Alileta ya nyumbani kwake, kuukuu, inayocheza tu. Watu walikuwa wamejaa. Wachimbaji kama kumi hivi wa Rwamgasa na kofia zao, kina mama wa sokoni, Shabani akiwa amesharudi kutoka harusini. Kabula alikuja na mama mkwe, kwa sababu nilimsisitiza aje. Nilitaka mama aone mkwe wake anapata kazi. Akapewa kiti cha mbele kwa heshima. Mimi nikasimama mbali naye, kama inavyotakiwa. Kwetu mkwe na mama mkwe hatusogeleani, na maneno yetu yanapita kwa Kabula.

Mkanda ukaingia. Picha ikaja, na mistari yake. Watu wakasema "aaah" kwa furaha. Nikajishika kiuno.

Kisha spika zikanguruma kwa sauti yangu.

"Mabibi na mabwana karibuni uwanjani, mtangazaji wenu ni Doto!"

Nikamtazama Shabani. Shabani akanitazama. "Kamera ina masikio yake," akasema taratibu, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Maiki ya waya ni ya kuongezea tu."

Nikaanza kusogea kuelekea deki. Wachimbaji walikuwa wamesimama njiani, hawapitiki.

"Namba saba huyo ni Shabani," ikasema televisheni. "Anakimbia, anakimbia, lakini kama kawaida yake atafika keki ikishaliwa." Watu wakacheka. Shabani naye akacheka, Mungu ambariki. Nikajipa moyo kwamba labda itaishia hapo, ingawa nilijua vizuri haitaishia hapo, kwa sababu niliyesema ni mimi.

"Golini yupo Hasmukh! Mkono wa birika! Hapitishi kitu huyu, hata chai hapitishi! Ukimwomba deki anakwambia boksi linajua!"

Wachimbaji wakaanguka kicheko. Mmoja akarudia, "Boksi linajua," akajipiga paja. Bwana Hasmukh alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, mikono imekunjwa, uso hausemi kitu. Kazi yangu nikaiona inapanda basi inaondoka. Nikasukuma, nikasema "samahani, nipisheni", hakuna anayenipisha, kila mtu anataka kusikia zaidi.

"Na refa wa leo," nikajisikia nikisema, "refa wa leo ni mama mkwe kutoka Mwadui! Kapiga filimbi, na wala sijamgusa mtu! Kuku wamepanda basi, deki haipandi! Refa, vaa miwani!"

Baraza likanyamaza. Wanajua wote. Kuna mambo mtu hafanyi. Kabula aliweka mkono usoni na kuutazama uso wangu katikati ya vidole. Mama hakugeuka. Aliitazama televisheni tu, shingo imenyooka.

Mngedhani yamekwisha. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini kwenye gemu mpira ukitoka nje kioo kinakuwa cheusi kidogo kabla ya picha kurudi. Na kioo cha televisheni kikiwa cheusi ni kioo hasa, cha kujitazamia. Kwenye kitundu cha kamera sikuona kitu; kwenye televisheni kubwa kuliko zote dukani nilikuwa nimekaa pale, mkekani, kitambi na jasho vyote, khanga kiunoni, ulimi nje kwa sababu ya kukaza akili. Giza, Doto. Mpira, giza, Doto tena. Kisha likaja bao la sita, na mwili wangu mzima ukaingia kwenye picha kutoka pembeni, mgongo ukaziba uwanja, ikasikika sauti ya busu.

"Kabula," mama mkwe akasema katika ule ukimya, "hiyo siyo khanga niliyokuletea Alhamisi?"

Hapo ndipo watu walipopasuka. Mchimbaji mmoja alikaa chini kabisa barazani. Hata mimi nilianza kucheka, Maduhu, kicheko kile cha mtu asiye na pa kwenda. Nilitamani kufukiwa na kifusi.

Nikaifikia deki mwishowe, nikatoa mkanda. Mkono ukatoka nyuma ya kaunta, ukaudaka.

"Rudisha," akasema Bwana Hasmukh.

"Bwana Hasmukh, nisamehe, nitarekodi mwingine, wa kimya, nitaziba mdomo..."

"Rudisha ndani. Tazama nje."

Nikatazama. Baraza halikuwa na nafasi tena. Watu wamejaa mpaka barabarani, wenye baiskeli wamesimama, waliochelewa wanauliza wenzao kilichotokea, na wachimbaji wawili wameshaweka gemu kwenye mfuko, wanalipa, wakisisitiza iwe ile ile yenye refa.

"Nilisema mkanda uvute watu," akasema. "Umevuta. Jumatatu njoo, chumba ni chako."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa karibu kulia, nawaambia kweli. Nikamuuliza, sasa mshahara utakuwaje.

Kwa mara ya kwanza leo Bwana Hasmukh akatabasamu. "Wewe piga mpira," akasema. "Golikipa yupo."

Mkanda ulichezwa mpaka jenereta ikaishiwa mafuta. Na utachezwa kila Jumamosi, ameshasema.

Jioni hii tumekula kuku mmoja wa Mwadui. Mama ndani na Kabula, mimi uani peke yangu kama inavyotakiwa. Baadaye Kabula akaja kuchukua sahani, akasimama, midomo inamcheza.

"Mama amenituma," akasema. "Anasema refa ameona kila kitu, hata bila miwani. Anasema hongera kwa kazi. Na anasema mchezaji avae shati."

Khanga imeanikwa kambani hapa mbele yangu ninavyoandika. Kabula anasema sasa ni yangu. Mkipita Kahama, karibuni sana, ila msije Jumamosi. Na kama mnacheka hapo mlipo, chekeni kwa ndani, maana siku hizi siamini kitu chochote eti hakina masikio.