Mtaro wa Stima Mpaka Kisimani

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Asante Mungu kwa Mwelu, kwa kisima na kwa mume wangu Mutisya. Leo kwa mpangilio huo, kwa sababu Mutisya ameenda kazini bado amenuna.

Jumamosi alinikuta kisimani navuta ndoo. Daktari alisema miezi sita bila kuinua kizito, maana Mwelu alizaliwa kwa upasuaji, na sasa ana miezi mitatu tu. Nikamwambia Mutisya ndoo haikuwa imejaa. Hakucheka. Akasema kuna mtu wa kiwandani kwao Thika ana chumba Ruiru, ghorofa ya nne, maji ya mfereji mpaka ndani. Stima isipofika kisimani kufikia Jumamosi ya tarehe 20, tunahama. Mimi, mtoto na sufuria zote.

Ghorofa ya nne! Kuku wangu nitawaambia nini?

Kisima hiki tulichimba kabla hata ya kununua kitanda. Futi arobaini, maji matamu, na hii ni Ngoliba, watu huchimba mpaka wanagonga mwamba na kurudi na vumbi. Sitoki hapa.

Pampu tunayo. Imelala chini ya kitanda tangu mwezi wa sita kama mgeni aliyekataa kuondoka. Kinachokosekana ni stima kutoka nyumbani mpaka kisimani, hatua sitini na nne. Fundi Urbanus anasema yuko Kahawa Wendani, anafunga stima kwenye hosteli za wanafunzi. Nafasi yake ni Alhamisi ya tarehe 18. Siku kumi! Na Mutisya ameniambia nimngoje.

Ng'ambo ya ua, jirani yangu Wamboi, Mama Kagwe, alikuwa anaosha njia kwa mpira wa maji. Njia ya udongo! Yeye ana pampu ya sola na tangi la buluu. Akaniuliza kama bado navuta kamba. Nikamwambia ni mazoezi.

Nimepata mpango. Sitangoja mtu.

Jumanne, tarehe 9

Mpango wenyewe: ekstensheni, zile nyaya za kurefusha stima. Nimekopa tano. Mbili za majirani, moja ya dukani, moja yangu na moja ya kanisa, ile ya kinanda. Nikaziunga moja kwa nyingine kutoka dirishani, zikapita juu ya sukuma wiki mpaka kisimani. Mzee Maluki alikuwa anapita, nikamwomba aniteremshie pampu kwa kamba. Akateremsha. Akaniuliza kama fundi amekubali. Nikasema fundi yuko njiani. Si uongo, kila mtu yuko njiani.

Nikawasha. Pampu ikanguruma kama mtu anayekataa kuamka. Maji, hakuna. Halafu harufu. Ekstensheni ya kanisa ilikuwa imeanza kulainika kama mshumaa.

Nikazima mbio. Asante Mungu Mwelu alikuwa amelala ndani.

Nikampigia Urbanus. Akaniuliza nimeunga nini na nini. Kisha akasema nichomoe kila kitu na nisiguse pampu wala waya wowote mpaka afike, maana stima na maji havina mzaha. Akanieleza kwa upole. Waya zile ni nyembamba na njia ni ndefu, stima inachoka kabla ya kufika. Inatakiwa kebo nene, iingie kwenye paipu, ifukiwe kwenye mtaro wa kufika magotini, umenyooka. Akikuta mtaro tayari Alhamisi ile, atamaliza siku hiyo hiyo. Asipoukuta anarudi hosteli, na huko ni mwezi mzima.

Mchungaji nitamwambia. Siku fulani.

Jumatano, tarehe 10

Nani atachimba? Mimi siwezi. Mutisya yuko zamu Thika mpaka Jumamosi.

Mwethya! Mbona sikufikiria? Kikundi chetu cha kusaidiana, kila Ijumaa boma moja, tunachimba, tunakula, tunaenda. Zamu ya wiki hii si yangu. Nikamwendea Maluki, ndiye mwenyekiti, nikamwambia nahitaji mtaro haraka sana. Hakuuliza hata wa nini. Akasema mama mwenye mtoto mchanga hapangwi foleni.

Nikalia kidogo njiani nikirudi. Ni furaha tu.

Mama Kagwe amesikia. Akasema kwa sauti, akiangalia tangi lake, kwamba kwao mtu akitaka mtaro anaita kibarua, haiti kijiji.

Ijumaa, tarehe 12

Walikuja kumi na wanne, na majembe yao. Mimi nilikuwa na Mwelu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Nikawaonyesha kwa kidevu. Nikasema, mtaro uanzie kona ya nyumba, uende kule. Nikarudi jikoni kwa muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe.

Nilisikia wanacheka, wanataniana, majembe yanaimba. Nikajiambia, Nduku, wewe una akili.

Saa nane nikatoka kuwaita waje kula.

Sasa, hawa watu tangu utoto wanachimba mtaro wa aina moja: wa kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo. Unakata mteremko kwa ubavu, unalala sawasawa, udongo unarushwa upande wa juu. Maluki alikuwa amekuja hata na kamba yake ya kupimia. Kisima hawakukiangalia. Kwa nini wakiangalie?

Mtaro umetoka kona ya nyumba, ukapinda polepole kama kiuno cha bibi arusi, ukapita mbali na kisima, ukaenda kuishia kwenye ua wa Mama Kagwe.

Nilifungua mdomo niseme. Maluki akanitangulia. Akasema katika maisha yake yote hajachimba matuta yaliyolala sawa hivi, na mvua ya Oktoba ikija hata tone moja halitanitoroka. Kisha wakavua kofia wakauombea.

Utasema nini baada ya maombi? Nikasema, unapendeza. Na kweli unapendeza.

Jumamosi, tarehe 13

Mutisya amerudi na kebo begani. Nene, nyeusi, mita sabini. Kumbe ameinunua huko Thika bila kuniambia! Kumbe na yeye hataki Ruiru!

Akaufuata mtaro kwa macho mpaka ua wa Mama Kagwe. Akaniuliza kama kisima kimehama.

Nikamwambia huu ni mtaro wa kazi mbili, mvua na stima. Akacheka mpaka akakaa chini na kebo yake. Kisha akaacha kucheka. Akasema hawezi kuchimba mwingine, anaingia zamu kesho. Akanionyesha chumba cha Ruiru kwenye simu. Kuna mfereji unaong'aa na kidirisha cha kuangalia ukuta wa jirani. Nikasema ni kizuri sana. Akasema anajua sisemi ukweli, lakini ni afadhali mke mzima Ruiru kuliko mke wa kushonwa tena Ngoliba.

Nikaenda stoo na Mwelu. Yeye akanyonya, mimi nikalia. Asante kwa mume anayenihurumia, hata kama huruma yake iko ghorofa ya nne.

Jumatatu, tarehe 15

Nimepima kwa uzi. Kebo ikifuata mtaro mpaka kwa Mama Kagwe, kisha igeuke irudi kisimani, inatakiwa mita mia na kitu. Haifiki.

Wa kumwambia ni Maluki. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza nikamsalimia. Mara ya pili nikamsifu ng'ombe wake.

Jumanne, tarehe 16

Mpango mpya: nichimbe nimekaa. Daktari alikataza kuinua. Kukaa hakukataza. Nikaweka kigoda, nikachukua jembe dogo, Mwelu kivulini kwenye mkeka.

Sikuwa nimefika hata urefu wa kitanda. Ngai! Mama Kagwe aliruka ua! Mwanamke mzima, na leso yake na gambuti. Akaninyang'anya jembe. Wee Mama Mwelu, kwani tumbo lako lina zipu? Akaniambia nikae na mtoto na nisimletee hadithi ya mazoezi.

Kisha akaanza kuchimba. Yeye mwenyewe! Anachimba anatukana mawe kwa Kikuyu. Kila nikisema asante ananiambia ninyamaze. Akasema alipojifungua Kagwe alivuta maji wiki ya pili, na hakuna aliyeruka ua. Basi. Akaendelea na mawe yake.

Sitasema tena lolote kuhusu tangi lile.

Maluki akapita. Akasimama. Nikaona amekasirika. Akauliza mwethya imekosa nini, mpaka mwanachama anachimbiwa na jirani na hakuna aliyeambiwa. Nilitamani niingie ndani ya paipu. Mama Kagwe hata hakuinua kichwa. Akasema: "Mzee, mlichimba mtaro wa mvua. Huyu alitaka wa stima. Aliona haya kuwaambia."

Sentensi tatu! Siku nne nimezibeba kifuani!

Maluki akaangalia mtaro wake. Akaangalia kisima. Akaanza kutikisika mabega. Mzee alicheka mpaka akatoa machozi, akasema kumbe ndiyo maana nilimsifu yule ng'ombe aliyekonda. Akapiga simu. Kufikia jioni walikuwa tisa, na safari hii Mama Kagwe ndiye aliyeshika kamba ya kunyoosha, akiwapigia kelele, na wakamtii.

Mtaro umefika kisimani. Umenyooka kama mstari wa daftari.

Alhamisi, tarehe 18

Urbanus amekuja! Amelaza paipu, amepitisha kebo, ameweka mchanga na utepe wa njano juu yake, ili atakayechimba hapo siku za usoni ajue kuna stima. Kisimani ameweka kisanduku chenye swichi kinachofungwa kwa ufunguo. Akaniuliza ufunguo atunze nani. Watu wote wakasema Mutisya.

Akawasha. Mpira ukakohoa, ukatema hewa, kisha maji! Maji yenyewe! Mama Kagwe akanimwagia kichwani makusudi. Mwelu akashtuka, akacheka. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka kwa sauti.

Jumamosi, tarehe 20

Mutisya hakuingia nyumbani. Alipokea ufunguo mlangoni, akaenda moja kwa moja kisimani, akawasha, akanawa uso kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Kisha akampigia yule mtu wa Ruiru, akamwambia ampe mwingine chumba.

Nimemchinjia jogoo. Mungu, hata sijui nianzie wapi.

Jumatatu, tarehe 22

Mama Kagwe ameniapisha. Kuanzia sasa nikitaka kitu niseme wazi, mpaka mtu aelewe. Nikaapa. Ni ukweli kabisa, nimeshaona faida yake.

Sasa maji yapo, nataka kupanda mgomba mmoja karibu na jikoni. Leo Maluki amepita, akauliza kama kuna kazi Ijumaa. Nikamwambia ndiyo, wanichimbie shimo. Akauliza la kwenda chini kiasi gani. Mwelu akaanza kulia, nikamwambia wao ndio wanajua mashimo, mimi nitawaambia nini?

Akafurahi sana. Akasema watakuja mapema, kumi na wanne wote, na winchi ya kupandishia udongo, na ile ngazi ndefu ya kanisa.

Ngazi sijui ni ya nini. Lakini watu wema hivi huwaulizi maswali. Nimeshaloweka mahindi.