Kizimba cha Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Kizimba kimefika. Cha waya, kipana, mlango mmoja. Nimekiweka sebuleni karibu na dirisha. Mkaguzi, mtoto wetu wa mbwa, ana wiki mbili tu hapa nyumbani na ameshakagua kila kiatu kwa meno. Amekinusa kizimba, kisha akaenda kukojoa kwenye zulia. Mke wangu hakucheka. Ni muuguzi, na jana alikwenda kazini na kiatu kimoja cheupe, kimoja cheusi. Amesema ikifika Jumapili Mkaguzi hajajua kutulia kizimbani tukiwa hatupo, anakwenda kwa kaka yake. Shemeji ana ua mkubwa, na mbwa wake hufungwa kamba kutwa. Mkaguzi simtoi ng'o.

Daktari wa mifugo ameagiza mlango uachwe wazi, chakula kiwekwe ndani, mbwa azoee mwenyewe. Mlango wazi! Kumwambia hivyo fundi wa kufuli mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa! Nimemtia Mkaguzi ndani, nikafunga komeo, nikaenda kibandani kwangu. Niliporudi mchana Mkaguzi alikuwa juu ya kochi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeongeza kufuli. Ufunguo nimeutundika juu kabisa, kwenye msumari wa kalenda. Niliporudi, kochi tena, na ndala yangu mdomoni. Kufuli limefungwa vizuri. Ufunguo uko msumarini. Yaani ametoka, akafunga nyuma yake, akarudisha ufunguo. Nimemuuliza mama mkwe, ambaye anakaa nasi na hushinda nyumbani. Amesema yeye alikuwa anafuma tu, hakuona kitu. Nimemtazama Mkaguzi kwa heshima mpya.

Jumatano, 5 Machi

Kufuli la namba. Nimechagua tarehe ya kuzaliwa ya mke wangu ili nisisahau. Nilikuwa nimeisahau. Nikamuuliza mama mkwe pembeni, akanitajia, akanitazama kidogo. Saa saba mchana Mkaguzi yuko kochini. Mbwa wa miezi mitatu anaijua tarehe ambayo mimi, mume mtu, sikuijua. Nimeona aibu kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikufungua kibanda. Mteja aliyefungiwa nje ya duka lake amepiga simu mara sita. Nimemwambia awe na subira. Nikajificha nyuma ya pazia la jikoni. Mkaguzi akaanza kulia. Mama mkwe akaweka uzi wake chini, akazungusha zile namba haraka kuliko mimi, akamwambia, "Toka, mjukuu wangu, hawa watu hawana huruma."

Nikapiga chafya. Tukatazamana. Mama mkwe akasema mbwa huyu ni hatari, katoka tena. Nikasema ndiyo mama, hatari kweli. Ningesema nini? Huyo ndiye aliyenipa mke. Na kumsemea kwa binti yake siwezi, nyumba itawaka moto. Dawa ni moja: kufuli ambalo hata mama mkwe haliwezi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda kibandani nikitengeneza kufuli ambalo sijawahi kutengeneza mfano wake. Ufunguo mmoja tu, unakaa mfukoni mwangu. Jioni nikamtia Mkaguzi ndani ili nijaribu kufuli. Nikafunga. Ufunguo ukakatikia humo humo.

Nimehangaika saa nzima na zana zangu zote. Halifunguki. Kusema kweli ni kufuli zuri sana. Mkaguzi analia, mama mkwe analia, mke wangu amesimama na sare yake ya kazi, amekunja mikono. Mwishowe nimekata bawaba kwa msumeno wa chuma, mlango wote ukatoka. Mkaguzi akanirukia, akanilamba masikio kana kwamba si mimi niliyemfungia. Nimekaa naye sakafuni mpaka chai ikapoa. Siku mbili zimebaki, na nampenda mbwa huyu kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Kizimba hakina mlango. Mama mkwe ametandika shali lake la zamani ndani, mke wangu akaweka bakuli la chakula. Nimewaacha wajifurahishe. Mkaguzi akaingia, akala, akajikunja, akalala. Akatoka kunywa maji. Akarudi mwenyewe. Mama mkwe amesema maskini, alichotaka ni mlango wazi tu. Mama ana huruma, ila mambo ya ufundi hayajui.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja saa nne na kamba mkononi. Mke wangu akatutoa wote nje, na mama mkwe pia. Tukazunguka mtaa nusu saa, kisha tukachungulia dirishani kama wezi. Mkaguzi alikuwa kizimbani, miguu juu, anakoroma. Viatu vyote salama. Machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi. Shemeji akaikunja kamba yake, akaitia mfukoni.

Mke wangu amesema unaona, daktari alisema kweli. Sikubishana naye, leo ni siku ya furaha. Lakini fundi anajua. Lile kufuli la Ijumaa limemkaa Mkaguzi kichwani, ndiyo maana hathubutu kutoka. Shemeji naye ameniomba nimfundishie mbwa wake wawili. Nimekubali papo hapo. Nimeshachora milango yao, kila mmoja makomeo mawili na kufuli juu yake. Na Mkaguzi, kwa kazi nzuri aliyofanya, kesho asubuhi namtilia mlango mpya.